Tufaha Moja, Vinywaji Viwili: Saida ya Herefordshire

Saida ni kileo cha maji ya tufaha yaliyochachuka. Katika karne ya 17, eneo la Herefordshire nchini Uingereza lilisifika kwa saida kali iliyotengenezwa kwa aina moja tu ya tufaha, Redstreak. Aina hiyo inahusishwa na Lord Scudamore wa Holme Lacy, aliyewahi kuwa balozi Paris. Mwaka 1664 John Evelyn aliisifu katika Pomona, na matajiri wakailinganisha na mvinyo wa Ufaransa.

Hata hivyo, historia ya ladha haikamiliki bila kuuliza nani alionja nini. Matufaha yalipokwisha kusagwa na kukamuliwa, machicha yalilowekwa maji, yakakamuliwa tena. Kinywaji hicho chepesi kilikuwa cha vibarua. Wala hakikuwa takrima: kwa vizazi vingi, saida ilihesabiwa kuwa sehemu ya ujira wao. Kibarua alibeba sehemu yake shambani katika pipa dogo la mbao, lakini mke na watoto hawakuweza kuila. Ni sheria ya mwaka 1887 iliyopiga marufuku kuwalipa wafanyakazi wa mashambani kwa kileo.

Leo saida ya tufaha la aina moja inapendwa tena, na wajuzi hupima uchachu na ukakasi wake. Kwa maoni yangu, sifa hizo zisitufanye tusahau kwamba chupa ya tajiri na pipa la kibarua vilijazwa kwenye shinikizo lile lile.