Roboti Asiye na Kichwa

Mwenzangu mmoja, fundi mitambo wa redio, aliwahi kugombana na muuza vitu vya zamani kwa sababu ya kichwa. Si kichwa cha mtu, bali cha roboti wa kuchezea. Utotoni, katikati ya miaka ya 1980, mwenzangu huyo aliishi Marekani ambako baba yake alikuwa masomoni. Huko alikuwa na kigari chekundu ambacho ukikikunjua kinasimama na kuwa roboti, jina lake Ironhide. Familia ilipofunga safari ya kurudi nyumbani mizigo ilizidi uzito, na Ironhide akaachwa. Miaka thelathini baadaye akaagiza mwingine wa enzi ile ile, kwa fedha ambazo mkewe hajaambiwa mpaka leo. Kufungua boksi, roboti hana kichwa. Akaandika barua kali kwamba ameuziwa kitu kibovu.

Muuzaji hakuwa na kosa. Ironhide wa mwaka 1984 hakuwahi kuwa na kichwa.

Roboti hawa asili yao ni Japani, katika kampuni ya Takara ya Tokyo, iliyoanzisha vitu vya kuchezea vilivyoitwa Diaclone mwaka 1980. Wakati huo hawakuwa viumbe hai. Walikuwa mitambo iliyoendeshwa na vijitu vidogo vya plastiki vyenye sumaku miguuni. Ironhide alikuwa gari la Nissan aina ya Cherry Vanette, na ukilikunjua, mahali ambapo ungetafuta uso palikuwa na kiti cha dereva. Kichwa cha nini, na dereva yupo?

Ndipo kampuni ya Marekani, Hasbro, ilipoyachukua magari hayo, ikayachanganya na vitu vingine vya Takara vilivyokuwa na umbo la bastola na kaseti, na mwaka 1984 ikayauza yote kwa jina moja la Transformers. Waandishi wa kampuni ya vitabu vya katuni ya Marvel wakatunga hadithi: hawa ni viumbe wa sayari nyingine, wana majina, tabia na ugomvi wao. Madereva wakaondolewa. Kwa Ironhide kikabaki kiti kitupu. Lakini katika filamu za katuni zilizoanza kuonyeshwa kwenye televisheni Septemba mwaka huo, shujaa anayezungumza hawezi kukosa mdomo, kwa hiyo wachoraji wakampa kichwa. Basi mtoto akamwangalia mwenye kichwa asubuhi, na mchana akachezea asiye nacho. Alipokua, kumbukumbu ikawaunganisha wawili hao wakawa mmoja.

Naomba tulikumbuke jambo hilo tunapokuja kwenye biashara ya siku hizi ya kuwaunda upya roboti wa zamani, kwa maana wanunuzi wake si watoto, ni wazee kama sisi.

Kuna kutoa tena na kuna kuunda upya. Kutoa tena ni kumimina plastiki katika kalibu zile zile za zamani. Hata hapo mambo hubadilika: Optimus Prime, yule lori kiongozi, alipotolewa tena Marekani mwaka 2002, mabomba yake ya moshi yalifupishwa kwa ajili ya usalama wa watoto, na wakusanyaji wakayapimia rula. Kuunda upya ni kazi nyingine. Mwishoni mwa mwaka 2003 Takara ilileta Optimus Prime mpya kabisa, wa kwanza katika mfululizo wa Masterpiece, mwenye urefu wa karibu sentimita 30, viungo vinavyokunjika, na chuma cha kutosha hata mkono ukachoka kumshika.

Wakusanyaji humpimaje? Humnyanyua kwanza kupima uzito. Hukagua kama viungo vimekaza au vinalegea, kama rangi imefika pembeni, kama anakunjika bila kulazimishwa. Yote hayo ni sawa. Ila swali kubwa ni moja: anafanana na nani?

Chukua Starscream, ile ndege ya kivita ya F-15. Masterpiece yake ya mwaka 2006 ilibuniwa na Shoji Kawamori, bingwa wa ndege zinazogeuka roboti, naye akaitengeneza kama ndege halisi, kwa rangi ya kijivu yenye ukijani. Ndege safi kweli kweli! Wakusanyaji wengi wakanung'unika: roboti ana mabawa yanayoning'inia kiunoni, hafanani na wa televisheni. Mwaka 2012 akarekebishwa. Mwaka 2021 akaundwa upya tena, sasa katuni tupu. Optimus Prime naye alipitia njia hiyo hiyo hadi toleo la 2019, ambalo kwa maoni yangu lina vipande vingi mno. Kumkunja si mchezo tena, ni kazi ya fundi saa.

Ironhide wa Masterpiece alitoka mwaka 2016. Ana kichwa. Mwenzangu alimnunua huyo naye, akanionyesha wote wawili mezani. Mpya anafanana kabisa na yule aliyenielezea miaka yote, akasema ndiye hasa. Nikamwuliza: lakini huyu si uliyemwacha Marekani? Akanyamaza.

Mwaka 2024 kampuni hiyo, ambayo sasa ni Takara Tomy baada ya kuungana na Tomy mwaka 2006, ilianza mfululizo mwingine uitwao Missing Link. Huu unarudia sura ya kitu chenyewe cha kuchezea cha 1984, wala si ya katuni, ila viungo ni vya kisasa. Nadhani kuna mtu kule Tokyo naye aliulizwa swali kama langu.

Siku ile, kabla sijaondoka, mwenzangu alimchukua yule asiye na kichwa, akamkunja mara moja bila kutazama. Vidole vilikuwa vinakumbuka.