Askari Juu, Mpagazi Kwenye Maandishi

Mwambie dereva wa bajaji akushushe Askari, hatakuuliza askari gani. Katikati ya Dar es Salaam, pale Barabara ya Samora inapokutana na mitaa ya Azikiwe na Maktaba, yupo mmoja tu anayejulikana na kila mtu: wa shaba, mwili umeinama kidogo kwa mbele, bunduki mikononi, singe imeelekea bandarini. Magari yanamzunguka kutwa nzima. Wanaosogea kusoma kilichoandikwa chini yake ni wachache, na siwalaumu, maana kuvuka hadi pale kwenyewe ni vita nyingine.

Kabla yake mji huu ulikuwa na sanamu ya Mjerumani. Wajerumani walimsimamisha Hermann von Wissmann, yule aliyeongoza jeshi lililovunja upinzani wa watu wa pwani, vita ambayo kiongozi wao, Abushiri bin Salim, alinyongwa Pangani, Desemba 1889. Wissmann alikaa juu kabisa. Chini, miguuni pake, waliweka askari Mwafrika akimtazama bwana wake, na bendera ya Kijerumani ikimfunika simba aliyeuawa. Waingereza walipouteka mji Septemba 1916 waliing'oa sanamu hiyo. Mwaka 1922 ikasimikwa Hamburg, mbele ya chuo kikuu, ikadumu pale hadi wanafunzi walipoiangusha mwaka 1968.

Askari wa sasa alizinduliwa mwaka 1927. Aliyemchonga ni Mwingereza James Alexander Stevenson, na kabla ya kupakiwa melini alioneshwa kwanza London. Maneno ya kwenye jiwe yalitungwa na Rudyard Kipling, yakaandikwa kwa Kiingereza, kwa Kiswahili na kwa herufi za Kiarabu. Huyu naye ni askari Mwafrika, ila safari hii yuko juu peke yake na hana bwana wa kumtazama.

Tusimpambe kupita kiasi, hata hivyo. Ni askari wa Mwingereza. Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, 1914 hadi 1918, vijana wengi wa nchi hii walipigana upande wa pili, chini ya kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, ambaye alisalimu amri Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya bunduki kunyamaza Ulaya. Kwa hiyo mji uliokuwa makao makuu ya Wajerumani ulijengewa kumbukumbu ya jeshi lililouteka. Waliokufa wakiwa na sare ya Mjerumani hawamo.

Na wapo waliokufa bila sare yoyote ya maana. Mbung'o walimaliza farasi, nyumbu na ng'ombe wa mizigo, barabara za magari hazikuwepo, basi risasi, unga na mahema vikapandishwa vichwani mwa watu. Wanaume walisombwa vijijini, wengine kwa ujira, wengine kwa nguvu. Mzigo ulikuwa kama kilo 25. Walitembea kwenye mvua na matope ya Rufiji, wakila unga ambao wengine hawakuuzoea na mara nyingi haukuiva. Kuhara damu na malaria viliwaua kuliko risasi. Hesabu za Waingereza wenyewe zilitaja wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa. Wanahistoria wengi wanakadiria karibu 100,000. Wafanyabiashara wa Kariakoo wanapanga bidhaa zao mahali ambapo kikosi cha wapagazi hao kilipiga kambi.

Kwenye jiwe la Askari wametajwa, kwa heshima, kama miguu na mikono ya jeshi. Sura hawana. Nairobi, ambako Stevenson huyo huyo alichonga kumbukumbu ya watu watatu, mmoja wao angalau ni mpagazi. Dar aliachwa.

Majina je? Mzungu aliyefia vita hii alitafutiwa kaburi na jiwe lenye jina lake. Waafrika walipewa sanamu ya jumla, ikahesabiwa kuwa inatosha. Aprili 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba ubaguzi ulichangia. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza wa wakati huo, Ben Wallace, aliomba radhi bungeni. Ilikuwa imepita zaidi ya miaka 100.

Januari 2025 tume hiyo hiyo ilifungua kumbukumbu mpya Cape Town kwa ajili ya vibarua wa jeshi wa Afrika Kusini, wengi wao weusi, waliokufa katika vita hiyo bila kuwa na makaburi yanayojulikana. Kila mtu ana nguzo yake ya mbao na jina lake juu yake. Nguzo ni 1,772. Wapagazi wa kwetu, waliokufa kwa makumi ya maelfu, bado wana mstari mmoja kwenye jiwe la Samora.