Moshi, majivu na magadi: usafi wa nyumba ya mwanamke wa Ololosokwan



Katika orodha ya vitu vya nyumba mpya siku hizi, dawa za usafi zinajaza ukurasa: ya vyombo, ya sakafu, ya choo, ya vioo, na ile ya kupuliza hewani ili nyumba inukie. Bibi zetu walikuwa na ndimu, majivu, makumbi ya nazi, chokaa na chetezo, na nyumba zao ziling'ara. Hayo ya kwetu tunayajua. Leo tuvuke maji twende bara, mbali kabisa, hadi Ololosokwan, kijiji cha Wamaasai katika tarafa ya Loliondo, wilaya ya Ngorongoro, karibu na mpaka wa Kenya na ubavuni mwa Hifadhi ya Serengeti. Nimechagua huko kwa sababu historia ya usafi wao inaonyesha jambo ambalo ushauri wa "tumia ndimu badala ya dawa" hausemi. Vitu vya asili ni vya bure pale tu mwanamke anapoweza kuvifikia.

Tuanze na nyumba yenyewe. Kwa Wamaasai nyumba, enkaji, hujengwa na mwanamke, na ni yake. Yeye ndiye anayekata fito, anayezichomeka ardhini na kuzipinda, na anayekandika kuta na paa. Bi harusi wa kwetu huingia nyumba iliyojengwa na fundi, pengine na pazia zimeshatundikwa. Wa kwao hutakiwa baadaye ajenge ya kwake kwa mikono, akisaidiwa na wanawake wenzake wa boma.

Kinachokandikwa ni kinyesi cha ng'ombe, kikichanganywa na udongo au majivu. Najua mshakunja pua. Lakini kinyesi cha mnyama anayekula majani kimejaa nyuzi nyuzi, na hizo ndizo zinazoushika udongo usipasuke. Kikikauka harufu inakwisha, ukuta unakuwa laini na mdudu hapati ufa wa kujificha. Mvua ikitoboa paa, mama hachukui simu kumwita fundi. Anachota zizini, anaziba.

Swali la twahara litakuja tu, basi tulijibu. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu visiwani, kinyesi cha mnyama yeyote ni najisi, hata awe wa kuliwa. Wamaliki na Wahanbali wanaona cha mnyama anayeliwa ni tohara. Kwa hiyo dada wa Kishafi akijikuta mgeni katika nyumba kama hiyo, atatandika msala wake safi pahala pakavu na kuswali. Wenyeji wengi si Waislamu na kwao suala hili halipo, lakini na wao wana kipimo chao kikali cha usafi, na kipimo hicho kiko kwenye chombo cha maziwa.

Maziwa ndiyo chakula, ndiyo heshima ya mgeni, na yanakaa kwenye kibuyu. Kibuyu ni chombo kigumu kukisafisha. Ndani kina vinyweleo vinavyonyonya maziwa, mdomo wake ni mwembamba, mkono hauingii. Ukikiosha kwa maji tu na kisikauke vizuri, kesho kina harufu na maziwa yanaharibika. Tena maji yenyewe hubebwa kutoka mbali, huwezi kuyamwaga ovyo. Basi wanawake wakaacha kutegemea maji, wakategemea moto.

Huchukuliwa kipande cha ukuni wa oloirien, mzeituni wa porini, kikawashwa mpaka ncha iwe kaa jekundu. Kijinga hicho huingizwa ndani ya kibuyu na kusuguliwa ukutani humo, kaa likimeguka na moshi ukizunguka, kisha mama hukung'uta na kusugua kwa kijiti chenye ncha iliyopondwa kama mswaki. Ndani panabaki pakavu, peusi na pananukia. Joto limekausha, mkaa umenyonya harufu, na moshi umeacha utando wenye viini vinavyozuia vijidudu. Maziwa yakitiwa humo hukaa zaidi bila kuharibika, na hupata ladha ambayo mwenye kuizoea hataki tena ya pakiti. Si kila kuni inafaa, na mama anajua ipi ya kukataa. Mti huo una heshima kiasi kwamba kijiji kimoja cha tarafa hiyo hiyo kinaitwa Oloirien. Nasi tunaosoma habari za mzeituni katika Qur'an tuujue: wataalamu wa mimea wanauhesabu kuwa ni aina moja na mzeituni wa Palestina, tawi lake la kiafrika.

Sasa fikiria chetezo chako. Nguo za bi harusi zinapotandazwa juu ya moshi wa udi, hatufanyi kitu kigeni sana na kile cha mama wa Loliondo. Huko Dhofar, Oman, kunakotoka ubani wenyewe, hata magudulia ya maji hufukizwa ubani. Moshi ni sabuni ya mahali ambapo maji ni ya tabu.

Ila tusipambe. Moshi ule ule katika enkaji, ambayo ina tundu dogo tu la hewa, hufukuza mbu na wakati huo huo huumiza macho na kifua cha mama na watoto. Kitu kuwa cha asili hakukifanyi kuwa salama, na hili linakuhusu na wewe unayefunga madirisha yote ukaacha makaa ya chetezo yakiwaka chumbani na mtoto amelala. Fungua dirisha.

Cha pili ni magadi. Mashariki ya Loliondo, chini ya bonde la ufa, liko Ziwa Natron, na karibu yake Ol Doinyo Lengai, volkano inayotoa lava ya magadi, ambayo haina mwenzake duniani kwa sasa. Jua likikausha kingo za ziwa, magadi hubaki kama ganda jeupe. Wafugaji huyatafuta kwa ajili ya mifugo, na punda wa kubebea mizigo ni shughuli ya wanawake. Kwetu magadi yanaishia kwenye chungu cha maharage na kwenye tumbaku ya wazee, na tumesahau kwamba ni ndugu wa sabuni. Ukiyayeyusha katika maji ya moto, yanavunja mafuta yaliyoganda kwenye vyombo na kufungua uchafu wa nguo nyeupe. Kenya, kwenye Ziwa Magadi, kampuni ya kuyachimba iliundwa mwaka 1911 na reli ikapelekwa mpaka ziwani, kwa sababu viwanda vya vioo na sabuni viliyahitaji.

Mambo mawili ukiyatumia nyumbani. Usiyatie kwenye sufuria za alumini, yanazila na kuzifanya nyeusi. Na usichanganye magadi na ndimu au siki ukidhani unaongeza nguvu: vitatoa povu zuri la kutazama, lakini moja linaliua jingine. Tumia ndimu kwa shaba na madoa ya chokaa bafuni, magadi kwa mafuta, kila kimoja kwa siku yake.

Wazee wetu wanakumbuka kwamba ujuzi huu uliwahi kuokoa nchi nzima. Baada ya vita vya Kagera, mwanzoni mwa miaka ya 1980, sabuni iliadimika Tanzania. Watu walifulia majani ya mpapai na kusugulia vyombo majivu na mchanga. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine, mwana wa Wamaasai wa Monduli, aliwaandama walanguzi waliokuwa wakificha bidhaa. Aliyekuwa na mpapai uani hakumsubiri mlanguzi wala serikali.

Lakini mpapai uwe uani, na uani uwe wako. Hapo ndipo historia ya Ololosokwan inapouma. Serengeti ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na kufikia 1959 Wamaasai waliokuwa wakiishi ndani walikuwa wametolewa, wengine wakaja upande wa Loliondo. Agosti 2017 maboma yalichomwa moto katika ardhi inayogombaniwa kando ya hifadhi, Ololosokwan ikiwemo, na kijiji hicho na vijiji vingine vitatu wakaenda Mahakama ya Afrika Mashariki. Juni 2022 serikali iliweka vigingi kuzunguka kilomita za mraba 1,500 na kuzitenga kuwa eneo la Pololeti, lisiloruhusiwa kulishia mifugo. Serikali ilisema inalinda wanyamapori na vyanzo vya maji. Wafugaji walisema ni malisho yao ya kiangazi.

Kwenye magazeti habari hii huandikwa kama ya wanaume, ng'ombe na watalii. Mimi naisoma kutoka jikoni. Enkaji ikiungua, kilichoungua ni nyumba ya mwanamke, pamoja na vibuyu vyake. Malisho yakipungua, ng'ombe wanapungua, na wakipungua hao hupungua maziwa na cha kukandikia ukuta. Msitu ukiwa upande wa pili wa kigingi, tawi la oloirien linageuka kosa.

Anayeshindwa kupata hivyo hununua. Atahitaji bati na saruji, ambayo inataka maji kila siku kuoshwa, na sabuni ya unga ya vipakiti, ambayo ukipiga hesabu kwa kilo ni ghali kuliko ya mfuko mkubwa anaonunua mwenye nazo. Maziwa ya kuuza sasa yanabebwa kwenye madumu ya plastiki, ambayo ni mepesi na hayavunjiki, na mama anayashukuru kwa hilo. Ila plastiki haiingizwi kijinga cha moto. Inataka maji ya moto, sabuni na brashi, na ikishashika harufu ya maziwa yaliyochacha haiiachi, anatafuta pesa ya dumu jingine.