Ushahidi mahakamani: kutoka mkono wa hakimu hadi akili mnemba

Shahidi anayesema haraka mahakamani husimamishwa. Hakimu anaandika kwa mkono, na maneno hayana budi kuusubiri mkono wake. Waingereza ndio waliotuletea utaratibu huo, walipoanza kutumia nchini Tanganyika, mwaka 1920, sheria ya India ya mashauri ya madai ya mwaka 1908. Tulipotunga ya kwetu mwaka 1966, hilo hatukuligusa: kwa kawaida hakimu haandiki swali na jibu, huandika masimulizi. Wakili akiuliza, “Ulimwona saa ngapi?” na shahidi akajibu, “Saa mbili usiku,” jaladani itasomeka: “Nilimwona saa mbili usiku.” Swali limepotea, na pengine lilikuwa la mtego. Majaji wa rufaa hawataliona kamwe.

Hakimu anatakiwa pia kumpima shahidi kwa namna anavyojibu: anasita, anajiamini, anakwepa? Aliyeinamia karatasi ataona nini?

Mwaka 2016 Mahakama ilianza mradi mkubwa wa maboresho kwa fedha za Benki ya Dunia, na mwaka 2021 sheria ikakifanya Kiswahili lugha ya mahakama. Kisha, chini ya Jaji Mkuu Ibrahim Juma, ukaja Mfumo wa Unukuzi na Tafsiri wa akili mnemba kutoka kampuni ya Almawave ya Italia. Unasikiliza, unaandika, unatafsiri kati ya Kiswahili na Kiingereza.

Kwa kasi, hakuna ubishi. Lakini mashine inanasa swali na jibu, pamoja na kusita kwa shahidi. Tukiyageuza hayo yote kuwa masimulizi yaleyale ya 1908, tutakuwa tumenunua kalamu ya bei mbaya. Mageuzi yenyewe ni hakimu kuinua macho, na rufaa kusoma kilichoulizwa.

Tena mkoa huu wa Dodoma una wazee wa Bahi wanaochanganya Kiswahili na Kigogo, Warangi wa Kondoa, na Wasandawe wa Chemba wenye lugha ya vidoko. Hapo mkalimani bado ana kazi.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985 inampa shahidi haki ya kusomewa ushahidi wake. Ukiitwa kizimbani katika kesi ya jinai, awe ameandika hakimu au mashine, omba usomewe kabla hujashuka.