Jinsi chemshabongo zinavyofunza lugha mpya ya tarakilishi

KIJANA aliyehitimu kidato cha nne mjini Sindo, akiwa na simu ya mkononi na bando lililonunuliwa kwa kudunduliza, anaweza kujifunza lugha ya programu bila kukanyaga chuo. Njia iliyo nafuu zaidi kwake si masomo ya video, ambayo humaliza bando kabla ya somo kukamilika. Ni chemshabongo.

Chemshabongo ya programu ni swali fupi lenye jibu moja lisilo na ubishi. Mwanafunzi husoma maelezo, huandika programu ya kutafuta jibu, kisha hulipeleka na kuambiwa papo hapo kama amepata au amekosa. Maelezo yenyewe ni aya chache tu za maandishi. Yanaweza kunakiliwa daftarini asubuhi, yakatafakariwa mchana kutwa wakati nyavu zinashonwa, na programu ikaandikwa usiku bila simu kuwa mtandaoni.

Kwa wasiokujua, Sindo ni mji mdogo ulio ufuoni mwa Ziwa Victoria katika eneo la Suba Kusini, Kaunti ya Homa Bay, kwenye barabara itokayo Mbita kuelekea Magunga. Wakazi wengi hutegemea ziwa: omena wanaovuliwa usiku kwa mwanga wa taa, mbuta na ngege. Mifano katika makala haya imeteuliwa kwa kuzingatia mazingira hayo.

KUTOKA PASCAL HADI PYTHON

Waliosoma somo la tarakilishi katika shule za upili chini ya mfumo wa 8-4-4 walikutana na Pascal au Visual Basic. Mnamo 2022, Taasisi ya Ukuzaji wa Mitaala nchini (KICD) iliidhinisha mtalaa wa kufundisha uandishi wa programu katika shule za msingi na za upili. Hata hivyo, aliyekuwa ameondoka shuleni kabla ya hapo hana budi kujitafutia. Lugha inayopendekezwa mara nyingi ni Python, iliyotolewa mwaka wa 1991 na Mholanzi Guido van Rossum.

Mwandishi wa makala haya alijifunza Pascal chuoni, enzi ambazo wanafunzi watano walipokezana tarakilishi moja. Programu tuliziandika kwanza kwa penseli, tukazikagua mstari kwa mstari, kwa kuwa zamu ilikuwa ya dakika chache. Sikudhani kuwa ipo siku ningeisifu desturi hiyo, lakini ndiyo inayomfaa zaidi mtu asiye na kipakatalishi.

Ikumbukwe kuwa anayejua lugha moja ya programu haanzi upya akihamia nyingine. Tayari anafahamu maana ya kigeu, sharti na amri ya kurudia. Asichokijua ni mazoea ya lugha ile mpya. Pascal, iliyobuniwa na Mswisi Niklaus Wirth mwaka wa 1970, hufunga kundi la amri kwa maneno begin na end, ilhali Python hutegemea nafasi tupu zilizoachwa mwanzoni mwa mstari. Kitabu cha kiada humrudisha mwanafunzi wa namna hii sura ya kwanza na kumchosha. Chemshabongo humlazimu kutafuta kile tu anachokihitaji siku hiyo, na kwa kuwa amekitafuta mwenyewe, hakimtoki upesi.

KOSA LISILOONEKANA KATIKA MFANO

Miongoni mwa hazina kongwe za chemshabongo hizi ni Project Euler, iliyoanzishwa mwaka wa 2001 na Mwingereza Colin Hughes. Swali lake la kwanza linataka jumla ya namba zote zilizo chini ya 1000 zinazogawanyika kwa 3 au kwa 5 bila kubakisha kitu. Mfano umetolewa: chini ya 10, namba hizo ni 3, 5, 6 na 9, na jumla yake ni 23.

Mwanafunzi mwenye haraka hujumlisha zinazogawanyika kwa 3, kisha zinazogawanyika kwa 5, akaunganisha majibu hayo mawili. Anajaribu mfano: 3 na 6 na 9 ni 18, ongeza 5, jumla 23. Anafurahi. Anapeleka jibu la 1000 na kuambiwa amekosa.

Hapa ndipo penye somo. Mfano wa 10 hauwezi kufichua kosa lake, kwa sababu namba ya kwanza inayogawanyika kwa 3 na pia kwa 5 ni 15. Angejaribu kwa mkono namba zilizo chini ya 20, angeona: 3, 6, 9, 12, 15 na 18 ni 63, 5, 10 na 15 ni 30, jumla 93. Ilhali jumla sahihi ni 78, maana 15 imehesabiwa mara mbili. Programu iliyopita katika mfano wa swali haijathibitishwa. Ni mfano ambao mwanafunzi amejitungia mwenyewe, mkubwa kidogo kuliko ule aliopewa, unaoikamata.

Jibu la 1000 sitaliandika. Linapatikana kwa dakika kumi na mistari mitano ya Python.

UBAO WA AJUA

Si lazima maswali yatoke ng'ambo. Mchezo wa ajua, unaochezwa na Waluo na ulio wa jamii moja na bao la pwani, umejaa maswali ya aina hii. Idadi ya mashimo na kete hutofautiana mahali na mahali. Tuchukue ubao wenye mashimo 16 yanayozungukwa. Mchezaji anachota kete 7 kutoka shimo fulani na kudondosha moja katika kila shimo linalofuata. Ya mwisho itaangukia wapi?

Orodha katika Python huanza kuhesabiwa kutoka 0, kwa hiyo mashimo ni 0 hadi 15. Ukianzia shimo la 11, 11 na 7 ni 18. Gawanya kwa 16, baki ni 2. Kete ya mwisho imo katika shimo la 2. Pascal huitafuta baki hiyo kwa neno mod, na Python huitafuta kwa alama ya asilimia.

Sasa mwanafunzi mkaidi aseme kuwa yeye atahesabu kutoka 1 hadi 16, kama watu wote wahesabuvyo. Programu itamtii kwa muda. Siku atakapoanzia shimo la 9 na kete 7, jumla itakuwa 16, baki itakuwa 0, na ubao wake hauna shimo la 0. Maelezo marefu ya kitabu kuhusu kwa nini hesabu huanza kwa sifuri hayafikii nusu ya funzo la kosa hilo moja.

Mchezo huohuo hufichua tofauti iliyojificha zaidi. Tuseme tunarudi nyuma mashimo 3 kutoka shimo la 1. Moja kutoa tatu ni hasi 2. Python ikitafuta baki ya hasi 2 kwa 16 hutoa 14, ambalo ndilo shimo sahihi. JavaScript, lugha inayoendeshwa na vivinjari vya wavuti, hutoa hasi 2 kwa alama ileile ya asilimia. Anayehama kati ya lugha hizi mbili bila kulijua hili atatafuta kosa usiku kucha.

CHUI, MBUZI NA MAJANI

Fumbo la mvushaji linajulikana na wengi. Mtu ana chui, mbuzi na mzigo wa majani, na mtumbwi wake hubeba yeye na kimoja tu. Akimwacha chui na mbuzi, mbuzi ataliwa. Akimwacha mbuzi na majani, majani yataliwa. Atavukaje? Ulaya fumbo hili limo katika mkusanyo unaonasibishwa na Alcuin, msomi wa karne ya 8 aliyehudumu katika baraza la Mfalme Charlemagne. Humo mnyama mkali ni mbwamwitu na majani ni kabeji.

Mzee yeyote wa ufuoni atalitegua kwa maneno. Kuifundisha tarakilishi ilitegue ni kazi nyingine. Kwanza, kila mmoja wa wale wanne, mvushaji akiwemo, yuko upande huu au upande ule, kwa hiyo hali zote ni 2 mara 2 mara 2 mara 2, yaani 16. Kati ya hizo, 6 ni za maafa na 10 ni salama. Programu huanza na hali ya kwanza, ikaorodhesha hali zote salama zinazofikika kwa safari moja, ikazipanga kwenye foleni, kisha ikachukua iliyo mbele na kurudia. Hali ambayo imekwisha kuonekana haipangwi tena. Kwa utaratibu huo, mara ya kwanza hali ya mwisho inapofikiwa, njia iliyotumika ni fupi kuliko zote: safari 7.

Swali hili dogo humlazimu mwanafunzi kutumia aina tatu za hifadhi za Python kwa mpigo. Anahitaji foleni. Anahitaji seti ya kukumbuka hali zilizoonekana, kwa sababu kuuliza kama kitu kimo ndani ya seti ni kazi ya haraka hata seti ikiwa na maelfu ya vitu, ilhali katika orodha kila kimoja hukaguliwa. Kisha atajaribu kutia orodha ndani ya seti, na Python itakataa, kwa kuwa orodha hubadilika. Itambidi atumie tupli, ambayo ikishaundwa haibadiliki. Nimeona watu waliosoma sura nzima kuhusu tupli bila kuelewa ni za nini. Mtumbwi huu huwaeleza.

SIMU, SAA NA BANDO

Kwa simu za Android ipo programu iitwayo Pydroid 3, ambayo ikishapakuliwa huendesha Python bila mtandao. JavaScript haihitaji hata hiyo, kwa kuwa imo ndani ya kivinjari. Shida kubwa ni kibodi ya simu: nafasi tupu za mwanzo wa mstari hupotea kwa urahisi, na Python haisamehe.

Tovuti ya Exercism hutoa mazoezi bila malipo kwa zaidi ya lugha 70. Advent of Code, iliyoanzishwa na Mmarekani Eric Wastl mwaka wa 2015, hutoa swali jipya kila siku kuanzia Desemba 1. Hadi 2024 maswali yalikuwa ya siku 25. Tangu 2025 ni ya siku 12. Hufunguliwa saa mbili asubuhi kwa saa za Kenya, wakati wa likizo ya shule. Kila mshiriki hupewa data yake, faili ya maandishi iliyo ndogo kuliko picha moja ya simu. Aidha, mwandishi wake ameahidi kuwa kila swali lina njia inayotoa jibu ndani ya sekunde 15 hata kwa tarakilishi ya miaka kumi iliyopita. Simu ikikwama kwa nusu saa, kosa si la simu.

Zipo siku hizi programu za akili unde zinazotegua maswali haya kwa kuulizwa tu. Anayezitumia kabla ya kujaribu amejinunulia jibu, na jibu la chemshabongo halina soko.

DAFTARI LA MIZANI

Hali kadhalika, njia hii ina mipaka. Data ya chemshabongo ni safi mno. Kijana akitaka kuzisaidia kamati za usimamizi wa fuo, zijulikanazo kama BMU, kujumlisha kilo za omena zilizopimwa, atakuta daftari ambamo mmoja ameandika "kilo 20", mwingine "20kg", na wa tatu ameacha pengo kwa sababu mvua ilinyesha. Hakuna tovuti itakayomwambia kuwa amekosa. Mvuvi aliyehesabiwa pungufu ndiye atakayemwambia, au asimwambie kamwe.

Hapo mtego wa 93 na 78 unageuka kuwa pesa za mtu. Kabla ya kumpa yeyote jumla ya mwezi, achukue ukurasa mmoja wa daftari hilo, wenye mapengo na makosa yake yote, aujumlishe kwa penseli, kisha alinganishe na programu yake inavyosema.