Vitabu vya Takwimu na Samaki wa Uvira

Kitabu cha mwaka cha takwimu, yaani juzuu inayotolewa kila mwaka ikiwa imejaa majedwali ya hesabu za jambo moja, ni aina ya maandishi ambayo thamani yake imebishaniwa sana tangu hesabu za namna hiyo zianze kupatikana bure kwenye intaneti. Nchini Marekani ubishi huo umehusu zaidi mchezo wa besiboli, ambao tangu karne ya 19, mwandishi Henry Chadwick alipoanza kuweka hesabu za kila mchezaji, umezalisha vitabu vya takwimu vingi sana. Kwenye mwambao wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika, kuanzia Uvira hadi mdomo wa mto Rusizi na Bujumbura ng'ambo ya mpaka, swali hilohilo lina uzito mkubwa zaidi, kwa kuwa kinachohesabiwa huko ni samaki, na samaki ndio kitoweo na riziki ya watu. Maktaba ya shule au chama cha wavuvi chenye fedha chache kinunue juzuu kuukuu za takwimu za ziwa, au kiridhike na jumla zinazopatikana bila malipo? Jibu haliwezi kupatikana bila kwanza kufuatilia hesabu zenyewe zilivyopatikana, nani aliziandika na kwa kusudi gani.

Wageni wa kwanza walioandika habari za Uvira hawakuhesabu samaki. Richard Burton na John Hanning Speke walifika huko Aprili 1858 wakitafuta chanzo cha mto Nile, na Stanley na Livingstone, walipolizunguka eneo la kaskazini mwa ziwa mnamo Novemba 1871, walitaka kujua jambo moja tu, nalo ni kama Rusizi huingia ziwani au hutoka. Wavuvi wa mwambao, kwa upande wao, walikuwa na ujuzi wa miaka mingi ambao haukuandikwa popote: waliwasha moto wa kuni juu ya mtumbwi katika usiku wa giza, wakasubiri ndakala wakusanyike chini ya mwanga, kisha wakawachota kwa lusenga, wavu wenye umbo la pia uliofungwa kwenye mti mrefu. Ndakala, ambao Kigoma huitwa dagaa, ni samaki wadogo wa aina mbili, Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon, na nyuma yao hufuata mukeke, Lates stappersii, anayewala. Aina hizo tatu ndizo zinazojaza sehemu kubwa kabisa ya majedwali yote ya uvuvi wa ziwa hili hadi leo.

Kazi ya kupima na kuandika ilianza kwa safari za kisayansi. Mbelgiji Louis Stappers alilichunguza ziwa kati ya 1911 na 1913, na ni jina lake analolibeba mukeke katika vitabu vya elimu ya viumbe. Baada ya Vita Kuu ya Pili ujumbe mwingine wa Kibelgiji ulifanya kazi ziwani mwaka 1946 na 1947, ukapima vina vya maji, ambavyo mahali penye kina kirefu zaidi vinafikia mita 1,470, na kutokana na ujumbe huo Max Poll akachapisha juzuu zake mbili za samaki, ya 1953 na ya 1956. Mwaka 1947 huohuo ilianzishwa IRSAC, taasisi ya utafiti wa kisayansi katika Afrika ya Kati, ambayo makao yake makuu yalikuwa Lwiro karibu na Bukavu, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 ikawa na kituo cha uchunguzi wa maji na viumbe vyake mjini Uvira, alikofanya kazi Georges Marlier. Kituo hicho ndicho mzazi wa kituo cha leo kinachojulikana kwa kifupi kama CRH-Uvira. Miongoni mwa matunda ya miaka hiyo ni makala ya mtafiti Dubois, iliyochapishwa mwaka 1958, juu ya joto, oksijeni iliyoyeyuka na uangavu wa maji katika ghuba ya kaskazini, mwezi hata mwezi na kina hata kina. Ni kurasa kavu zisizomvutia msomaji wa kawaida, lakini umuhimu wake ulikuja kuonekana karibu nusu karne baadaye.

Takwimu za serikali zilifuata njia nyingine, na hapo ndipo msomaji wa leo anapokutana na tatizo la kwanza. Uvira na Usumbura, mji unaoitwa Bujumbura tangu uhuru wa Burundi, hutazamana katika ghuba moja, kilomita 20 na ushei zikizitenga kwa maji. Hata hivyo Uvira ilikuwa Kongo ya Kibelgiji, na Usumbura ilikuwa Ruanda-Urundi, nchi ambayo Ubelgiji iliitawala kwa idhini ya Shirikisho la Mataifa na baadaye chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa. Ingawa tangu 1925 nchi hizo ziliunganishwa kiutawala, taarifa za mwaka zilibaki mbili: moja ya koloni, iliyopelekwa mbele ya Bunge la Ubelgiji, na nyingine ya Ruanda-Urundi, iliyopelekwa Geneva na baadaye New York. Kwa hiyo kundi la ndakala lililovuliwa wiki hii mbele ya Kalundu, bandari ya Uvira, na wiki inayofuata mbele ya Usumbura, liliingia katika vitabu viwili tofauti, vyenye vichwa tofauti na mpangilio tofauti wa majedwali. Anayenunua mfululizo mmoja bila mwingine amenunua nusu ya ghuba.

Tatizo la pili limo ndani ya tarakimu zenyewe. Tani za samaki zinazoonekana katika kitabu cha mwaka hazikupimwa zote kwenye mizani, wala haziwezi kupimwa zote, kwa sababu mitumbwi hupakua alfajiri katika mialo mingi, yaani sehemu za ufukwe ambako wavuvi hushushia samaki na wachuuzi huwapokea. Karani wa takwimu huenda kwenye mialo michache iliyochaguliwa, akasimama kati ya mabeseni ya akina mama wanaokuja kununua, akaandika kwa penseli idadi ya vyombo vilivyotoka usiku ule, akapima beseni moja au mawili, kisha akakadiria mengine kwa jicho. Wastani wa chombo kimoja huzidishwa kwa idadi ya siku wavuvi walizovua, na jibu likazidishwa tena kwa idadi ya vyombo vyote vya mwambao. Kila hatua ina mtego wake. Wavuvi wa taa hupumzika siku kadhaa mbalamwezi inapokuwa kubwa, kwa kuwa mwanga wa taa haumvuti samaki penye mwanga wa mwezi, na karani asiyezitoa siku hizo ataongeza samaki ambao hawakuvuliwa. Ndakala waliokaushwa juani wamepungua uzito kwa kiasi kikubwa, na jedwali lisilosema kama ni wabichi au wakavu halisemi kitu. Zaidi ya yote, idadi ya vyombo hutegemea sensa ya uvuvi, yaani kuhesabu mialo, mitumbwi, nyavu na watu wote kwa wakati mmoja, na sensa ikiwa ya miaka mingi iliyopita, kosa lake huzidishwa katika kila mwezi wa kila mwaka unaofuata.

Vyombo navyo havikubaki vilevile. Katikati ya miaka ya 1950 Wagiriki walianzisha Usumbura uvuvi wa meli ndogo zenye nyavu kubwa za kuzungushia samaki, na katika muongo huohuo ikaenea katamarani, ambayo ni mitumbwi miwili au mitatu iliyounganishwa kwa miti, ikiteremsha wavu chini ya taa na kuuinua samaki wakishajaa juu yake. Karabai zikachukua mahali pa kuni, na katika miaka ya karibuni taa ndogo za umeme wa betri zimechukua mahali pa karabai. Uvuvi wa viwanda, yaani ule wa meli, uliacha hesabu nzuri zaidi, kwa kuwa kila meli ilikuwa na mwenyewe aliyetaka kujua faida yake, lakini katika miaka ya 1990 ulififia upande wa Burundi, na meli kadhaa zikahamia kusini, Mpulungu nchini Zambia, ambako mukeke bado walipatikana kwa wingi. Mtu anayesoma safu ya jumla tu, bila safu ya vyombo, ataona samaki wakipungua katika kitabu cha nchi moja na kuongezeka katika kitabu cha nyingine, naye atadhani ziwa limebadilika kumbe wavuvi wamehama.

Vita na misukosuko ya kisiasa viliongeza mapengo. Uvira iliangukia mikononi mwa waasi Mei 1964 na tena Oktoba 1996, na hakuna karani anayeweza kukaa mwaloni alfajiri wakati risasi zinalia. Nchi yenyewe ilibadilika jina kuwa Zaire mwaka 1971 na kurudi kuwa Kongo mwaka 1997, na Albertville ikawa Kalemie, hivi kwamba hata kutafuta ukurasa sahihi katika mfululizo mrefu kunahitaji uangalifu.

Jitihada kubwa ya kuziunganisha hesabu hizo ilianza mwaka 1992, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, yaani FAO, lilipoanzisha kwa msaada wa Ufini mradi wa utafiti wa uvuvi wa ziwa zima, makao yake yakiwa Bujumbura na Uvira ikiwa mojawapo ya vituo vyake. Mwaka 1995 ilifanyika sensa ya nchi zote nne zinazopakana na ziwa kwa pamoja, ambayo ilikuta wavuvi karibu 45,000, na mavuno ya ziwa katika miaka hiyo yakakadiriwa kuwa kati ya tani 165,000 na 200,000 kwa mwaka. Sensa ya 2011 ilikuta wavuvi karibu 95,000. Tarakimu hizo za wavuvi, zikiwekwa sambamba, ni habari nzito kuliko nyingi zilizowahi kuandikwa juu ya mwambao huu, na zinaeleweka kwa sababu tu mradi ulichapisha pia jinsi ulivyohesabu.

Thamani ya karatasi za zamani ilidhihirika kabisa mwaka 2003. Catherine O'Reilly na wenzake katika jarida la Nature, na Piet Verburg na wenzake katika jarida la Science, walionyesha kwamba maji ya ziwa yamepata joto, kwamba maji ya juu na ya chini hayachanganyiki kama zamani, na kwa hiyo virutubisho vya chini haviifikii mimea midogo ya juu inayomlisha ndakala. O'Reilly alikadiria kwamba uzalishaji wa ziwa umeshuka kwa asilimia 20 na samaki huenda kwa asilimia 30. Hoja hiyo isingewezekana bila vipimo vya zamani, vikiwemo vile vya ghuba ya kaskazini vilivyochapishwa na Dubois mwaka 1958. Mwaka 2006 Jouko Sarvala na wenzake walijibu kwamba mabadiliko katika mavuno yanaonyesha zaidi mabadiliko ya uvuvi kuliko ya hali ya hewa, nao pia walitegemea majedwali ya mavuno ya miongo iliyopita. Mjadala uliendelea, na mwaka 2016 Andrew Cohen na wenzake wakaonyesha kwa ushahidi wa matope ya chini ya ziwa kwamba samaki walianza kupungua kabla ya uvuvi mkubwa wa kibiashara. Kama karatasi za Uvira zingetupwa kwa sababu zimepitwa na wakati, mabishano haya yangekosa mahali pa kusimama.

Jambo hilohilo linahusu kina cha maji. Mvua kubwa za 1961 na 1962 zililijaza ziwa hadi likafikia takriban mita 777 juu ya usawa wa bahari mwaka 1964, kisha likashuka, na watu wakajenga penye nchi kavu. Lilipopanda tena kuanzia 2020, na hasa mwaka 2024, maji yaliingia katika nyumba za kando ya ziwa mjini Uvira na katika mitaa ya Gatumba na Bujumbura upande wa Burundi, na wengi walilichukulia kuwa jambo lisilowahi kuonekana. Jedwali la 1964 lingeweza kumwonyesha fundi wa ujenzi, kabla ya kuchimba msingi, mstari ambao maji yalikwisha kuufikia.

Kwa upande wa matumizi ya fedha, tofauti kati ya aina za vitabu ni kubwa. Vitabu vya mwaka vya FAO, vilivyoanza mwishoni mwa miaka ya 1940, havistahili kununuliwa kwa ajili ya Uvira, kwa kuwa huunganisha samaki wa maji baridi wa nchi nzima, wa mto Kongo na wa maziwa yote, katika jumla ambayo haimwambii mtu lolote kuhusu mwalo wa Kalundu, na jumla hizo zinapatikana bure. Lakini jumla za bure zina kasoro moja isiyotajwa sana: hurekebishwa kila zinapotolewa upya, na tarakimu ya zamani hufutika. Wapenzi wa besiboli waliliona jambo hili hata katika karatasi, pale kamusi kubwa ya besiboli ya Macmillan, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1969, ilipobadilisha hesabu za wachezaji wa kale toleo baada ya toleo. Aliyekuwa na matoleo yote aliweza kuuliza sababu ya kila badiliko, na aliyekuwa na la mwisho tu hakujua kwamba kuna la kuuliza.

Juzuu zinazostahili fedha ya maktaba ya Uvira, kwa hiyo, ni zile zinazotaja mwalo, mwezi, aina ya chombo, na kama samaki walipimwa wabichi au wakavu, hata kama zina zaidi ya miaka 60. Taarifa za mradi wa 1992 zinasomwa bila malipo, na kinachogharimu ni kuzichapa na kuzijalidi ili zisitegemee umeme wa mji ambao hukatika mara kwa mara. Kitabu cha George Coulter cha 1991 juu ya ziwa na viumbe vyake kinafaa kununuliwa hata kwa bei ya juu, kwa kuwa kimekusanya mahali pamoja kazi za miongo mingi zilizotawanyika katika majarida ya Ulaya. Baada yake zifuatwe taarifa za mwaka za Kongo ya Kibelgiji na za Ruanda-Urundi za miaka ya 1950, zinunuliwe kwa jozi, mwaka kwa mwaka, kwa kuwa ule ndio muongo ambao lusenga, katamarani na meli za Wagiriki zilivua pamoja katika ghuba moja.