Pentekoste ya Mwaka 1978 Katika Kolwezi



Siku ya yubilei tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa ajili ya kanisa tulilojenga, na kwa ajili ya wote waliobatizwa na kufunga ndoa mbele ya altare yetu. Lakini historia ya parokia haiko katika matofali tu. Tunapenda kuwakumbusha vijana, pamoja na wale waliofika karibuni kutafuta kazi ya madini upande wa Kingamyambo na Musonoi, siku zile ambazo wazee wetu walijifunza kumwabudu Mungu katikati ya hofu.

Jimbo la Kolwezi liliundwa mwaka 1971. Askofu wake wa kwanza alikuwa Monsinyori Victor Keuppens, Mfransisko. Mwaka 1974 alifuatwa na Monsinyori Floribert Songasonga. Jimbo lilikuwa lingali changa vita ilipolifikia. Mwezi wa 3 mwaka 1977, waaskari wa FNLC, wengi wao watoto wa Katanga waliokuwa wamekimbilia Angola, waliingia Dilolo na Kasaji, wakafika hata Mutshatsha. Mwaka ule Kolwezi iliponea. Mwaka uliofuata haikuponea.

Jumamosi tarehe 13 mwezi wa 5 mwaka 1978, mapema asubuhi, bunduki zililia mjini. Kesho yake ilikuwa Pentekoste. Kanisa lote duniani lilikumbuka mitume waliokusanyika katika nyumba moja. Nao Wakristu wa Manika na wa Dilala walikuwa wamejifungia nyumbani, rozari mkononi. Ijumaa tarehe 19, waaskari wa Legioni ya Ufaransa walishuka kwa miavuli, na Wabeleji wakafika kesho yake. Waliokufa siku zile walikuwa mamia, Waafrika na Wazungu. Hata baada ya mapigano mashaka hayakwisha, kwani wengi walioneshewa kidole kwamba walisaidia waasi.

Maandiko Matakatifu yanasimulia juu ya mfalme Yoshafati, aliyetanguliza waimbaji mbele ya jeshi lake, na adui zake wakaangamizana wao kwa wao. Katika Kolwezi haikuwa hivyo. Waliosali walipona, na waliosali walikufa. Tusiwadanganye watoto wetu juu ya jambo hili. Ibada si bei ya kununua usalama kwa Mungu. Ni kujitia mkononi mwake tungali hatujui mwisho wa shauri. Anayejitia mkononi mwa Mungu namna hii hupata nguvu ya kumfungulia jirani mlango, na ya kuzika maiti ya mtu asiye wa kabila lake.

Kisha likaja jaribu lingine, ambalo twalitaja kwa haya. Katika miaka 1992 na 1993, wandugu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika miji yetu. Wengi walilala siku nyingi penye kituo cha gari la moshi, pamoja na watoto na wagonjwa, wakingojea kupelekwa katika nchi ambayo wengine wao hawakuiona kamwe. Mwaka 1978 hatari ilitoka mbali. Mara hii ilitoka mioyoni mwetu. Tulikuwa tumeimba pamoja katika benchi moja siku ya Mungu, tukapokea Mwili mmoja wa Bwana, na katikati ya juma tukaachana. Midomo ilikuwa imeabudu, lakini matumaini yetu tulikuwa tumeyaweka katika kabila.

Basi, wandugu, tukiimba leo utukufu wa Mungu, tuwaombee marehemu wa mwaka 1978, wote bila kuchagua. Tuwaombe msamaha waliotutoka kwa machozi. Na siku ya taabu itakaporudi, kwa maana haikosi kurudi, itukute tukipiga magoti pamoja, na milango yetu iwe wazi kwa jirani.

Mungu Baba abariki parokia yetu.